Nyumba ya Tajiri Kwihara na Jina la Mgeni

Nyumba ni ushahidi. Mtu aweza kusema uongo juu ya maisha yake, na watu waweza kumsifu au kumkashifu baada ya kufa kwake, lakini nyumba aliyoishi hueleza mambo mengi ambayo mwenyewe hakukusudia kuyaeleza. Unene wa ukuta hutaja hofu zake, upana wa baraza hutaja wingi wa wageni wake, na mlango hutaja jinsi alivyotaka kuonekana machoni pa wapita njia. Kwa sababu hiyo, katika uchunguzi wa utamaduni wa taifa letu haitoshi kukusanya ngoma, hadithi na methali peke yake. Yatupasa pia tujifunze kuzisoma nyumba.

Pengine msomaji atauliza: mtu wa Nyegezi ana neno gani la kusema juu ya nyumba za matajiri wa kale? Swali hilo ni la haki. Kwetu huku, kando ya Ziwa Nyanza, kusini kidogo ya mji wa Mwanza, majabali yamejaa kila upande, lakini mababu hawakuyachonga kujengea majumba. Nyumba ya Msukuma ilikuwa msonge: duara la miti iliyokandikwa udongo, na juu yake paa la nyasi lililochongoka. Leo, anayetaka kuonyeshwa nyumba ya namna hiyo ilivyojengwa ni rahisi zaidi kumpeleka katika makumbusho ya Bujora, Kisesa, kuliko kumzungusha vijijini. Hata hivyo, ipo nyumba moja ya tajiri ambayo haiwezi kuelezwa vema bila kuwataja watu wa ziwa, nayo iko Kwihara, umbali wa kilomita sita hivi kutoka Tabora mjini. Nyumba hiyo inajulikana kwa jina la Tembe la Livingstone. Katika makala haya tunataka kuieleza nyumba yenyewe, na kisha kuliuliza jina hilo maswali machache.

Kwanza tuueleze uhusiano wa Tabora na ziwa letu, maana bila huo habari zote zitaonekana kuwa za mbali. Katika karne ya 19 njia kuu ya biashara ilianzia pwani, Bagamoyo na bandari jirani, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe katika nchi ya Wanyamwezi. Hapo iligawanyika. Tawi moja lilikwenda magharibi hadi Ujiji, na tawi jingine likapanda kaskazini kuelekea Usukuma, Karagwe na Buganda. Kituo cha wafanyabiashara katika Unyanyembe kiliitwa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir. Huyo na wenziwe ndio waliowapa habari za ziwa kubwa lililoko kaskazini, kwa kuwa misafara yao ilikuwa imekwisha kuzijua nchi za pande hizo. Speke aliondoka Kazeh tarehe 9 Julai 1858, na mwanzoni mwa Agosti akaliona ziwa kutoka vilima vya Mwanza. Akalipa jina la malkia wake, Victoria, akageuka, na kufikia tarehe 25 Agosti alikuwa amekwisha kurudi Kazeh. Wenyeji waliita maji hayo nyanza, na waliendelea kuyaita hivyo. Msomaji na ayakumbuke mambo haya mawili, yaani njia iliyotoka Tabora na jina lililotolewa na mpita njia, kwa sababu tutayarudia.

Sasa tuitazame nyumba. Tembe ni nyumba ya pembe nne yenye paa bapa la udongo. Si uvumbuzi wa watu wa pwani wala wa Arabuni. Wagogo, Wanyaturu, Wahehe na Wanyamwezi wamejenga matembe tangu kale, kila kabila kwa namna yake. Nguzo zenye panda husimamishwa, juu yake hulazwa boriti za miti migumu ya miombo, juu ya boriti hupangwa fito, juu ya fito majani au magome, na mwisho humwagwa udongo ulioshindiliwa barabara. Kuta hujengwa kwa udongo, na mara nyingi ule wa kichuguu husifiwa kuliko mwingine kwa sababu hushikamana kama saruji. Katika nchi ambayo miezi mingi haina mvua na jua lake ni kali, paa la namna hii hutia ubaridi ndani mchana na kuhifadhi joto usiku.

Wafanyabiashara kutoka Unguja na Oman walipokaa Unyanyembe mnamo mwanzo wa miaka ya 1850 na kuendelea, hawakuyakuta huko matumbawe wala chokaa ya kujengea kama walivyozoea. Walichokikuta ni ufundi wa wenyeji, nao wakauchukua. Walikuwa na sababu tatu za busara. Vifaa vilikuwa karibu na mafundi walikuwapo. Paa la udongo haliwaki moto kama paa la nyasi, na mtu aliyeweka ghalani bidhaa za maelfu ya riale huuogopa moto kuliko mwizi. Tena ukuta mnene wa udongo huzuia risasi. Kwa hiyo tajiri alilichukua tembe la mwenyeji akalikuza: akazidisha unene wa kuta, akainua dari, akapanua uwanja wa ndani, akatanguliza baraza mbele, na langoni akatia mlango mzito wa mbao zilizonakshiwa kwa namna ya pwani.

Mchanganyiko huo ndio unaoonekana Kwihara. Nyumba ni pana na fupi, imelala juu ya ardhi kana kwamba imeota hapo. Rangi yake ni rangi ya udongo wa Unyanyembe. Mbele iko baraza, mahali pa kukalia, kunywea kahawa, kusikilizia habari za njiani na kuamulia bei. Mlango wa nakshi ndio unaotangaza kwamba mwenye nyumba ni mtu wa dini na wa mji. Ukiuvuka unaingia mahali penye kivuli kizito, macho yakachukua muda kuzoea. Halafu uko uwanja wa wazi katikati, na vyumba vimeuzunguka, vyenye matundu madogo badala ya madirisha mapana. Mpango huu una maana yake. Mgeni wa kawaida aliishia barazani; mgeni wa heshima alifika sebuleni; bidhaa zilikaa ndani zaidi; na wanawake wa nyumba walikaa ndani kuliko vyote. Kila mlango ulikuwa kama chujio lililoamua nani apite na nani abaki. Huo ndio mpango wa nyumba za Waswahili wa mwambao, isipokuwa mwili wake umefinyangwa kwa udongo wa bara.

Ili tofauti ieleweke, tuilinganishe na nyumba nyingine ya tajiri wa biashara hiyo hiyo, yaani nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, huko Shangani, Unguja, ambamo alifariki mwaka 1905. Hiyo ni nyumba ya ghorofa, ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye mlango wa nakshi unaojulikana miongoni mwa milango mizuri ya Mji Mkongwe. Dari za nyumba kama hizo zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haitoshi kuvuka nafasi kubwa, vyumba vikawa virefu na vyembamba, upana wake ukikaribia mita tatu. Hapa mwanafunzi atazame jambo muhimu: kiasi cha chumba hakikuamuliwa na utajiri wa mtu, kiliamuliwa na mti. Huko Shangani mkoko ndio uliompimia tajiri chumba chake, na kule Kwihara ni miti ya miombo. Mwenye nyumba alitoa fedha, lakini nchi ilitoa kipimo.

Fedha hizo zilitoka wapi? Hili hatuwezi kulipita. Kutoka pwani vililetwa vitambaa, hasa merikani, kitambaa cheupe cha pamba ambacho jina lake linataja asili yake, kwa kuwa kilifumwa katika viwanda vya Marekani. Zililetwa pia kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Kutoka bara zilikwenda pembe za ndovu, ambazo mwisho wake zilikuwa vitufe vya piano, vitana na mipira ya biliadi katika nyumba za watu wa Ulaya na Marekani. Fedha za kuanzia biashara mara nyingi hazikuwa za tajiri mwenyewe. Zilikopwa Unguja kutoka kwa matajiri wa Kihindi, kama Tharia Topan, aliyemkopesha Tippu Tip. Kwa hiyo huyu bwana aliyekaa barazani Unyanyembe akiheshimiwa na wote huenda alikuwa mdeni mkubwa, na kila usiku alihesabu pembe zake akilinganisha na deni.

Pembe hazikutembea zenyewe. Kutoka Tabora hadi pwani ni zaidi ya kilomita 800, na msafara ulichukua miezi mitatu au zaidi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na ushei, aliouchukua begani au kichwani katika pori, jua na tope. Wapagazi hao kwa wingi wao walikuwa Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma. Vitabu vingine vimewaeleza wote kuwa watumwa waliofungwa minyororo, nako huko ni kuwanyima haki yao. Wengi walikuwa watu huru, waliopatana ujira wao wa nguo kabla ya kuondoka, waliogoma walipodhulumiwa, na waliorudi nyumbani msimu wa kulima ulipofika. Kijana wa Unyamwezi alijivunia kuiona bahari kama kijana wa siku hizi anavyojivunia shahada. Lakini haki nayo yatutaka tuseme upande wa pili: watumwa walikuwapo, tena wengi. Waliuzwa njiani, walipelekwa pwani, na katika Unyanyembe yenyewe walilima mashamba ya matajiri, walichota maji, walitwanga, walijenga. Hivyo katika kuta za nyumba tunayoizungumzia mna mikono ya namna mbili, mkono uliolipwa na mkono uliolazimishwa, na udongo ukishakauka haiwezekani kuitenga.

Wala tusidhani kwamba tajiri aliitawala nchi. Alikuwa mpangaji katika himaya ya mtemi. Unyanyembe ilikuwa na watemi wake: Fundikira, aliyewakaribisha wafanyabiashara, Mnywa Sele, aliyepigana nao walipokataa kulipa ushuru, Mkasiwa, waliyemsaidia kukikalia kiti, na Isike, aliyejilipua kwa baruti katika ngome yake mwezi Januari 1893 asishikwe na Wajerumani. Mfanyabiashara mwenye akili alijenga nyumba yake kwa udongo na vilevile kwa undugu. Baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, aliyekaa Ituru karibu na Tabora, alimwoa Karunde, binti yake Fundikira. Bila ndoa kama hizo, hongo na mapatano, ukuta ungekuwa mnene kiasi gani usingemfaa kitu.

Na siku mapatano yalipovunjika, ukuta ulijaribiwa. Mwaka 1871 palizuka vita baina ya wafanyabiashara wa Unyanyembe na Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyedai haki ya kutoza ushuru na kuifunga njia ya Ujiji alipotaka. Mwezi Agosti jeshi la wafanyabiashara lilishindwa, Tabora ikashambuliwa na kuchomwa moto, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakuu wao, akauawa. Wakati huo katika tembe la Kwihara alikuwamo mgeni, mwandishi wa gazeti la New York aitwaye Henry Stanley. Aliyatoboa matundu ya bunduki katika kuta na kungoja. Mirambo hakufika Kwihara. Lakini tukio hilo latufunulia kwamba nyumba hii ya kifahari ilikuwa ngome tangu ilipobuniwa, na kwamba mtu aliyeijenga hakuwa na usingizi mzito.

Sasa tufike kwenye jina. Nyumba hii alipewa Stanley na Sheikh Saidi bin Salim, liwali wa Waarabu wa Unyanyembe, mtu ambaye mwaka 1857 alikuwa kiongozi wa msafara wa Burton na Speke. Stanley alikwenda Ujiji akamkuta David Livingstone, wakarudi pamoja, wakaingia Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi. Livingstone akabaki akingoja watu na vifaa kutoka pwani, hata tarehe 25 Agosti mwaka huo akashika njia ya kusini asikorudi tena. Jumla ya ukaaji wake ni miezi sita na siku chache. Alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kwa mtemi Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliukausha mwili wake, wakauchukua, na mwezi Oktoba 1873 wakaufikisha Kwihara. Hapo walimkuta Mwingereza mwingine, Cameron, aliyewashauri wauzike huko huko Unyanyembe. Wakakataa. Wakauchukua hadi pwani, ukafika Bagamoyo mwezi Februari 1874, na mwezi Aprili ukazikwa London.

Tulipoizuru nyumba hii pamoja na wanafunzi wetu, tulitoka Mwanza kwa garimoshi, safari ya usiku mmoja katika njia ya reli iliyomalizika mwaka 1928. Speke alitumia karibu majuma manne kuipita nchi hiyo hiyo kwa miguu, na wapagazi wetu waliipita mara nyingi kuliko yeye bila kuandika kitabu. Wanafunzi waliukagua ukuta, wakaupima kwa mikono yao, wakaugusa mlango. Kisha mmoja wao, mtoto wa mjenzi, akauliza: "Mwalimu, huyu Livingstone ndiye aliyeijenga?" Tukamjibu kwamba hakuijenga. "Basi aliinunua?" Hakuinunua. "Aliipanga?" Wala hakuipanga, alikaribishwa. Kijana akafikiri kidogo, akasema: "Kwetu mgeni akilala nyumbani miezi sita, nyumba haigeuki kuwa yake." Wenzake wakacheka. Sisi tuliona kwamba lilikuwa jambo la kutafakari kuliko kucheka.

Hakika Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa nyumba nzima. Hatuna nia ya kumvunjia heshima Livingstone. Alikuwa mtu mvumilivu, aliyeichukia biashara ya watumwa na kuitangaza duniani kwa maandishi yake, japo mwenyewe alikula chakula cha wafanyabiashara hao na kulala chini ya paa lao. Hilo nalo ni sehemu ya historia. Tunachouliza ni hiki: nyumba inapoitwa kwa jina la mgeni peke yake, ni nani wanaofukuzwa humo? Anafukuzwa mwenye nyumba, pamoja na faida yake na dhambi yake, hata isitupase kumwuliza lolote. Wanafukuzwa mafundi wa Unyamwezi waliojua udongo upi unashika na mti upi haukubali mchwa. Wanafukuzwa watumwa. Wanafukuzwa wapagazi. Hata Chuma na Susi, waliopita mlango huo wakiwa na mzigo mzito kuliko pembe yoyote, wanabaki kuwa watumishi wa jina la mtu mwingine. Ndivyo ilivyolipata na ziwa letu. Vizazi vingi vilivua, vilisafiri na kuzama katika nyanza hii, lakini ramani ikaandikwa jina la mtu ambaye hakuliona ziwa lenyewe hata siku moja.

Wako watu wenye maoni mengine, nayo yafaa tuyasikilize. Wengine husema kwamba nyumba iliyojengwa kwa faida ya watumwa haistahili kutunzwa, na iachwe ianguke. Kwa uchungu wao tunawaheshimu, lakini kwa rai yao hatukubali. Ukuta hauna hatia. Ushahidi ukiharibiwa, anayefurahi ni mkosaji, si mkosewa. Tukibomoa nyumba ya Kwihara, watoto wetu wataambiwa kwamba utumwa ulikuwa jambo la pwani na visiwani tu, wala hawatakuwa na mahali pa kuweka mkono wao na kusema: ilikuwa hapa. Wengine tena husema kwamba jina maarufu huvuta watalii na fedha, na kwamba bila Livingstone nyumba ingekuwa imekwisha. Hilo lina ukweli, na ukweli huo ndio unaotuhuzunisha. Kwihara imo katika orodha ya vituo vya Njia Kuu ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe, ambayo Serikali yetu iliipendekeza kwa UNESCO mwaka 2006. Pendekezo hilo ni zuri kwa sababu linaitaja njia, na njia ni ya watu wote walioipita.

Tena tukumbuke kwamba nyumba ya udongo haifanani na nyumba ya mawe. Nyumba ya matumbawe ikiachwa miaka ishirini huchakaa. Tembe likiachwa misimu michache hufa. Mvua hulainisha paa, mchwa hula boriti, nyufa hufunguka. Kila mwaka lazima watu wapande juu washindilie upya, na kila mwaka kuta zisiribwe. Nyumba ya namna hii inasimama juu ya watu kuliko juu ya msingi wake. Ndiyo sababu matembe ya matajiri wa Unyanyembe yalianguka moja baada ya jingine biashara ya pembe ilipopungua, Wajerumani waliposhika nchi, na wale waliokuwa wakisiriba kwa kulazimishwa walipopata pa kwenda, mpaka utumwa ukafutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Hata nyumba ya Kwihara yenyewe ilikwisha kubomoka, na hii tunayoiona leo imesimama kwa kujengwa upya na kukarabatiwa. Wengine wataona huo ni upungufu. Sisi twaona ndio tabia ya tembe lenyewe, maana tembe halikuwahi kuwa na umri mmoja. Daima lilikuwa likijengwa.

Mfano wa zilizopotea uko karibu nasi. Kageye, kando ya ziwa, mashariki ya mji wa Mwanza, ilikuwa bandari ya wafanyabiashara. Stanley alipofika hapo mwezi Februari 1875 na mashua yake ya vipande, alimkuta mfanyabiashara aitwaye Sungoro, aliyekuwa akiunda jahazi la kuvukia ziwa. Huyo Sungoro aliuawa Ukerewe mwezi Desemba 1877 pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza. Yeye naye alikuwa tajiri wa pembe na watumwa, na makao yake yalijulikana kwa kila msafara uliofika ziwani. Lakini jina lake halimo midomoni mwa wanafunzi wetu, wala hawana jumba lake la kwenda kupima kuta. Udongo umerudi kuwa udongo.

Kitu kimoja hata hivyo hakikuanguka, nacho ni lugha. Misafara iliyolala katika nyumba kama ya Kwihara iliyapeleka maneno ya pwani bara, na ya bara ikayaleta pwani. Mpagazi, mnyapara, kirongozi, posho, merikani, hongo: haya yote yalikuwa maneno ya njia hiyo. Mengine maana zake zimegeuka. Hongo, iliyokuwa ushuru halali wa mtemi, sasa ni jina la rushwa. Posho, iliyokuwa chakula cha mpagazi, sasa hutafutwa na watu waliokaa kwenye viti. Watu wa ziwani, wa Unyamwezi na wa pwani walielewana kwa Kiswahili miaka mingi kabla ya serikali yoyote kukitangaza kuwa lugha ya taifa. Nayo kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na hao hao ambao majina yao hayamo mlangoni.

Basi yatupasa tufanye nini? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na mengine yanaweza kutangazwa kuwa kumbukumbu. Hiyo ni kazi ya Serikali. Kazi ya walimu na wanafunzi ni nyingine. Kwanza, tuizoeze midomo yetu kusema Tembe la Kwihara, na Livingstone atajwe kuwa mgeni wake, tena mgeni wa heshima. Pili, kila shule ichunguze nyumba moja ya zamani iliyo karibu nayo, iwe msonge, tembe, duka la Mhindi la siku za Wajerumani au nyumba ya kwanza ya bati kijijini. Wanafunzi waipime, waichore, wawaulize wazee ni nani aliyekandika, ni nani aliyelipa, na kila sehemu yake inaitwaje. Maneno ya ujenzi yanakufa pamoja na mafundi. Katika Nyegezi ya leo, penye matofali ya saruji na vyuo, wako vijana wasiojua kusiriba ni nini, ilhali bibi zao walifanya kazi hiyo kila kiangazi. Tatu, wanafunzi wa ziwani wapelekwe Kwihara, na wa Tabora waletwe ziwani, waijue njia kwa pande zake mbili.

Na mwalimu atakayewafikisha wanafunzi wake mbele ya mlango ule wa nakshi, asianze na habari za mgeni. Awaambie kwanza waweke viganja vyao ukutani, kisha awaulize ni watu wangapi walihitajika kuchota maji ya kukandia udongo huo, na maji hayo yalichukuliwa kutoka wapi. Habari za mgeni zitafuata kwa zamu yake.